Mnunuzi kaleta dodoso la haki za binadamu? Namna ya kulifanyia kazi ukiwa Mwanza

Wakuu habari za kazi. Hii ni kwa wale walio kwenye kampuni huku kwetu kanda ya ziwa, viwanda vya minofu, wafugaji wa samaki kwenye vizimba, wasafirishaji, makandarasi, hata wenye tenda za chakula na ulinzi kwenye migodi ya Geita, ambao siku moja bosi anakuja mezani anasema mnunuzi wa Ulaya kaleta dodoso la haki za binadamu, hebu lishughulikie, ijumaa liwe limeondoka. Mara nyingi zigo linamwangukia mtu wa HR au mtu wa kwaliti. Na kinachofuata tunakijua, mtu anaingia gugo, anashusha sera ya kampuni fulani ya nje, anabadilisha jina, bosi anasaini, inawekwa fremu pale mapokezi pembeni ya leseni ya biashara, afu dodoso linatikiwa "ndiyo" mwanzo mwisho. Wengine hata hawafiki huko, wanasema sisi hatuuzi watu, haki za binadamu zinatuhusu nini.

Zinakuhusu, na presha haitoki kwa wanaharakati tu. Ufaransa walitunga sheria yao 2017 inayobana makampuni makubwa yaangalie mpaka kwa wanaowauzia, Ujerumani yao ikaanza kufanya kazi 2023, Umoja wa Ulaya wakapitisha ya kwao 2024 ambayo kiukweli baadae waliisogeza mbele na kuipunguza makali, lakini kuna nyingine ya 2024 hiyo hiyo inayopiga marufuku bidhaa zilizotengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa kuingia soko la Ulaya, inaanza kutumika Desemba 2027 na haijali kampuni ni kubwa au ndogo. Nyuma ya yote hayo kuna ile Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu, ina kanuni 31, na ukiisoma vizuri inasema kitu kinachoeleweka kabisa: serikali ilinde watu, kampuni isiumize watu, na aliyeumizwa apate pa kusemea na atendewe haki. Haya tuanze.

Hatua ya 1: Jua ni hatari ya nani

Ofisini tukisema hatari tunamaanisha kupoteza hela, kufungiwa, kuandikwa vibaya. Hapa hesabu inaanzia kwa mtu. Chukua kijana anayevua sangara huko Ukara usiku bila laifu jaketi. Akizama, kampuni yako haipotezi kitu, kesho samaki wanakuja na mtumbwi mwingine. Kwenye daftari la kawaida la hatari za kampuni huyo kijana hayupo kabisa. Kwenye daftari hili jipya anakaa ukurasa wa kwanza. Kama wewe na bosi wako hamjakubaliana hapo, hatua zote zinazofuata mtazifanya kwa ajili ya karatasi tu, kwa hiyo maliza hilo kwanza, hata kama itachukua vikao.

Hatua ya 2: Fuata njia ya samaki, ila safari hii andika watu

Hapa sisi wa samaki tuna bahati ambayo wengi hatuioni. Mwaka 1999 Ulaya walipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu kwenye uvuvi, viwanda vililazimika kubana sana mambo ya usafi na kumbukumbu, na leo kontena la minofu likifika kule unaweza kurudi nyuma ukajua lilipakiwa lini, samaki walishushwa mwalo gani (pale ufukweni mitumbwi inaposhushia), barafu ilikuwaje, joto la gari lilikuwa ngapi. Mfumo upo tayari. Unajua kila kitu kuhusu samaki, hujui chochote kuhusu aliyemvua. Basi chukua ile chati yenu ya HACCP (mfumo wa usalama wa chakula unaoonyesha kila hatua samaki anakopita), anza mwisho kurudi mwanzo, na kila kituo andika nani yupo pale.

Utashangaa orodha inavyorefuka. Kuna wafanyakazi wenye mkataba, hao ni rahisi. Afu kuna deiwaka, vibarua wa siku, wanaosubiri getini alfajiri wachaguliwe. Walinzi wa kampuni ya nje. Wapakiaji. Madereva wa magari ya barafu wanaokesha barabarani. Wasafisha vyoo ambao wameletwa na wakala na hakuna anayejua wanalipwa ngapi. Kina mama wanaokuja kununua mapanki (mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishatolewa). Wanaoishi pembeni ya mtaro wenu wa maji machafu. Ukivuka maji unakutana na mawakala wa kukusanya, matajiri wenye mitumbwi na injini, wavuvi wenyewe watatu wanne kwa mtumbwi, wapishi wa kambi, watoto wanaochambua nyavu na kuanika dagaa wakati wenzao wapo darasani.

Kwa kila kundi weka safu tatu tu: nani anamlipa, nani anaweza kumfukuza, na nini kinaweza kumuumiza. Safu ya kwanza ndo inafumua mambo. Maana unakuta kiwanda kinamkopesha wakala, wakala anamkopesha tajiri injini na nyavu, tajiri anamkopesha mvuvi chakula na hela ya kutuma nyumbani, na makato yote ya petroli na barafu yanatolewa kabla ya mgao. Msimu ukiwa mbaya mvuvi anabaki na deni, na akiwa kisiwani mwenye boti ya kumrudisha ni yule yule anayemdai. Mtu ambaye hawezi kuondoka mpaka deni liishe, na deni haliishi, huyo ndo anayeulizwa kwenye lile dodoso kipengele cha kazi ya kulazimishwa, japo hakuna mnyororo wala fimbo uliyoiona. Na pesa iliyoanza ule mkopo ni ya kwenu.

Hatua ya 3: Nenda ukawaulize wenyewe

Hapa wengi wanakwama kwa sababu wanaenda na gari la kampuni, tisheti yenye nembo, supavaiza pembeni, afu wanamuuliza mtu "je haki zako zinaheshimiwa?" Atakujibu zinaheshimiwa sana na Mungu awabariki. Utarudi na karatasi safi.

Panga hivi. Mwanamke akaongee na wanawake. Deiwaka usiwahoji ndani ya geti, wafuate wanapokunywa chai, kwa mama ntilie wa pale pale Igogo au wanapopandia daladala. Kama unataka wavuvi wa dagaa, nenda kipindi cha mbalamwezi, dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa wengi wapo kambini wamepumzika wanashona nyavu na wana muda wa stori, ukienda giza la mwezi utawakuta wamelala mchana na hawana hamu na wewe. Chukua mtu anayeongea Kisukuma, Kikerewe au Kijita kutegemea na unakoenda, sio kwamba Kiswahili hawajui, ila mambo ya aibu na ya hela mtu anayasema vizuri kwa lugha ya kwao.

Maswali yawe ya kawaida. Mara ya mwisho ulilipwa lini na walikata nini? Ukiumia ziwani nani anakuleta nchi kavu, na boti analipa nani? Ukitaka kuondoka kesho unaondokaje? Nani anachagua watu getini, na anayechaguliwa kila siku ana nini? Kuna mtu unamuogopa hapa? Usiandike majina kwenye daftari, andika mwalo na kazi, tena siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za mtu hazitembei hovyo.

BMU ya pale mwaloni (kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa eneo hilo) lazima uwapitie, ni utaratibu na ni heshima, ila usiishie kwao, maana kwenye mialo mingi viongozi wa BMU ndo hao hao matajiri wa mitumbwi. Ongea pia na afisa uvuvi, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mwalimu mkuu wa shule ya karibu (huyu anajua vizuri sana msimu gani madarasa yanakuwa matupu), na chama cha wafanyakazi kama kipo.

Hatua ya 4: Panga foleni

Huwezi kufanya yote kwa pamoja na hakuna anayetegemea ufanye. Miongozo ya UN inakupa vipimo vitatu vya uzito: madhara yenyewe ni makubwa kiasi gani, yanagusa watu wangapi, na je yakishatokea unaweza kumrudisha mtu alivyokuwa. Hicho cha tatu ndo watu wanakisahau. Tuseme umekuta gambuti zinavuja kwa watu mia mbili, umekuta wavuvi hawana laifu jaketi, na umesikia minong'ono kwamba kuna mtu getini anawataka kina mama kimapenzi ndo wapate mapanki au wapate shifti. Kwa idadi gambuti inashinda. Kwa kutorudishika, maji na hilo la getini yanatangulia hata kama wanaoguswa ni wachache, maana aliyezama amezama, na aliyedhalilishwa humlipi kwa bonasi. Hilo la getini ni kosa la jinai pia, Sheria ya TAKUKURU ya 2007 kifungu cha 25 kinaitaja kabisa rushwa ya ngono.

Gambuti nunua kesho kwa hela ya matumizi madogo, haihitaji kamati. Ninachokataa mimi ni ile tabia ya kujaza mpango mzima vitu vyepesi, kupaka rangi vyoo, kalenda, bonanza la mpira, afu yale mazito yanaandikwa "yataendelea kufuatiliwa".

Hatua ya 5: Angalia mkono wako upo wapi

Kwa kila jambo la juu kwenye foleni jiulize, hili tunalifanya sisi wenyewe, au tunalichochea, au limetugusa tu kupitia mtu tunayefanya nae biashara? Jibu ndo linaamua ufanye nini. Ukilifanya wewe, acha na umlipe uliyemuumiza. Ukilichochea, acha sehemu yako na usukume mwenzako. Likikugusa tu kwa mbali bado huruhusiwi kunawa mikono, tumia nguvu uliyonayo.

Tatizo ni kwamba kila kampuni inajiweka kwenye lile kundi la tatu. Angalia ovataimu. Unakuta meneja uzalishaji analaumiwa watu wanakata minofu mpaka usiku wa manane, dada anatoka saa saba usiku anatafuta bodaboda ya kumpeleka Buhongwa, na njiani lolote linaweza kumkuta. Ukichimba unakuta watu wa mauzo walipokea oda alhamisi jioni, gari lazima liondoke ijumaa kuwahi ndege. Tatizo limezaliwa kwenye simu ya mtu wa mauzo. Dawa ni kumpa mtu wa mauzo kikomo: oda inayozidi uwezo wa shifti haipokelewi bila kibali, na ikipokelewa gharama ya usafiri wa kuwapeleka watu majumbani inaingia kwenye bei.

Bei nayo ni hivyo hivyo. Mkishusha bei ya sangara mwaloni, wakala hali hasara, tajiri hali hasara, inateremka mpaka inamkuta mvuvi kwenye mgao, kwa sababu makato ya petroli hayapungui. Hapo mmechochea, msijidanganye.

Sasa kwenye yale ya mbali kweli, nguvu mnayo kuliko mnavyosema. Barafu ni yenu, mkopo wa injini ni wenu. Weka sharti, mkopo hautoki bila laifu jaketi kwa kila kichwa kwenye mtumbwi, na wakala asiyetoa karatasi ya makato kwa wavuvi hapati mzunguko unaofuata. Kiwanda kimoja kikifanya peke yake tajiri anahamia kwa jirani, kwa hiyo kaeni viwanda kadhaa mkubaliane sharti moja. Kukata uhusiano na kambi iwe mwisho kabisa, maana ukiwasusa asubuhi, jioni samaki wameshauzwa kwa mwingine asiyeuliza maswali na wale vijana wamebaki pale pale.

Mkikuta mtoto anafanya kazi, msimfukuze tu mkapiga picha kwamba hakuna watoto. Ataenda kambi ya pili. Mwite afisa ustawi wa jamii, tafuteni mzazi au mlezi, shule ipo na ni bila ada, ila sare na madaftari vinataka hela na hapo kampuni inaweza kusimama. Na kama mtoto ndo alikuwa analisha nyumba, tafuta mtu mzima wa nyumba hiyo apewe kazi.

Hatua ya 6: Sheria za nyumbani, haraka haraka

Kabla hujaenda mbali hakikisha hizi zimekaa, maana ni aibu kuongelea Umoja wa Mataifa wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakushinda. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku. Ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne na inalipwa mara moja na nusu. Chini ya miaka 14 haajiriwi, chini ya 18 haruhusiwi kiwandani, mgodini wala kuwa baharia kwenye chombo. Uzazi siku 84, pacha 100. Makato ya uharibifu yana masharti, mtu apewe nafasi ya kujieleza na yasizidi robo ya mshahara. Kampuni yenye watu 20 na zaidi, asilimia 3 wawe wenye ulemavu, sheria ya 2010. Kagua kama majina ya vibarua yapo WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) na NSSF, na OSHA, wale wakaguzi wa usalama na afya kazini, wamekuja lini. Mengine muulize mwanasheria wenu.

Hatua ya 7: Pa kusemea

Lile sanduku la maoni lenye kufuli la bluu karibu na ofisi ya HR, nenda kalifungue. Utakuta vumbi na pengine karatasi ya pipi. Watu hawaandiki kwa sababu kamera ipo juu yake na kwa sababu mwandiko unajulikana.

Miongozo inataja sifa za njia nzuri ya malalamiko, iaminike, ifikike, mtu ajue litachukua muda gani, iwe ya haki kwa pande zote, iwe wazi, na muwe mnajifunza kutokana nayo. Kwa huku kwetu maana yake ni hii. Namba ya simu inayopokea mtu ambaye sio wa HR wala supavaiza, na iweze kubipiwa ikapiga tena, maana vocha ni hela. Mtu wa kuaminika kila mwalo mkubwa. Watu waruhusiwe kuja wawili watatu au kumtuma mtu wa chama. Tangazo liseme wazi: tutakujibu ndani ya siku kadhaa, akishindwa huyu kuna huyu juu yake, na usiporidhika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30 na mingine ndani ya siku 60. Kampuni nyingi zinaficha hizo siku, na mtu anazungushwa "njoo jumatatu" mpaka muda unapita. Usimsainishe mtu kwamba akitumia njia yenu ya ndani hawezi tena kwenda kwenye tume au mahakamani. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo waijue.

Afu kisasi. Mwenye mkataba akilalamika akafukuzwa kuna barua, unaiona. Deiwaka akilalamika hafukuzwi na mtu, kesho anasimama getini kama kawaida na hachaguliwi, keshokutwa hachaguliwi, na hakuna karatasi yoyote popote inayoonyesha kosa. Kwa hiyo kuchagua watu kwa kidole kuishe. Weka orodha ya zamu inayobandikwa ukutani, majina yanazunguka, na kila mwezi mtu nje ya uzalishaji alinganishe waliolalamika na waliopata shifti. Jina likipotea, mlinzi na supavaiza wajieleze. Utaratibu huo huo wa orodha uhamishie kwenye mapanki, namba na foleni, bei imeandikwa ubaoni, na mgawaji asiwe mtu mmoja miaka yote.

Hatua ya 8: Wenye virungu na bunduki

Walinzi wa nje ni wa kwenu hata kama mkataba unasema sio wa kwenu. Angalia wanalipwa nini na wanalala saa ngapi, mlinzi anayekaa zamu ya masaa kumi na mawili na hajalipwa miezi miwili ndo huyo anayepokea rushwa getini au anampiga mtu aliyeokota vichwa vya samaki. Na kama mnaomba polisi waje kulinda, kuna miongozo maalum ya hiari ya tangu 2000 kuhusu ulinzi na haki za binadamu, ilitengenezwa kwa ajili ya migodi na mafuta lakini inafaa kwa yeyote. Jirani zetu wa mkoa wa Mara wanalijua hili, wanavijiji wa eneo la mgodi wa North Mara walifungua kesi London 2013 wakidai watu waliuawa na kujeruhiwa kwa risasi pale mgodini, ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama 2015. Andikeni makubaliano na polisi kabla ya tukio: nani anawaita, kwa jambo gani, na nani anaandika ripoti.

Hatua ya 9: Fuatilia, afu ndo ujibu dodoso

Usipime kwa semina mlizofanya. Chukua rejista ya huduma ya kwanza, ile ya waliojikata visu na walioteleza, ilinganishe na majalada yaliyofika WCF. Zikipishana sana kuna watu wanajitibu kwa hela yao. Chukua mahudhurio ya usiku ulinganishe na ovataimu iliyolipwa. Malalamiko yakiwa sifuri mwaka mzima usishangilie, namba haipokelewi hiyo. Rudi mwaloni kwa watu wale wale, mbalamwezi nyingine, uwaulize kama karatasi za makato zinatoka kweli.

Ukifika kwenye swali "je, mmebaini ukiukwaji wowote?" usitiki hapana. Mnunuzi anayejua kazi yake akiona hapana kwenye samaki wa ziwa anajua hamkutafuta. Andika kitu kama hiki: "Tumebaini mitumbwi mingi inayotuuzia kupitia mawakala wa Ukerewe na Kome haina laifu jaketi za kutosha. Kuanzia sasa mkopo wa injini hautoki bila laifu jaketi kwa kila mvuvi. Mitumbwi isiyokopa kwetu bado hatujaifikia, tunaongea na BMU na viwanda jirani. Pia tumekuta saa za ziada zinazidi kiwango cha sheria wiki ambazo tunapokea oda za dharura. Tumeweka kikomo cha kupokea oda hizo, na tunaomba kikao nanyi kuhusu muda wa kuagiza na bei." Bosi atataka hiyo sentensi ya mwisho ifutwe, asije akamuudhi mteja. Ibaki, oda za alhamisi jioni wanaleta wao.